Usaili Nje ya Geti

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho alichokining'iniza shingoni, lakini hakuna aliyelitumia. Tawi zima la benki lilimwita Kaimu. Wateja walimwita Mama Kaimu. Mumewe alimwita Bi Kaimu alipotaka kumchokoza. Mama mkwe wake, ambaye hakuwahi kumtania mtu bila nia ya kumuumiza, alimwita Kaimu wa Watu.

Alianza kukaimu umeneja siku meneja alipohamishwa. Barua ilisema ni kwa miezi mitatu. Sasa mwaka wa nne ulikuwa umeanza, na barua haikuwa imebadilishwa. Alifungua tawi asubuhi na kulifunga jioni. Aliidhinisha mikopo, aliwatuliza wateja waliokuja na hasira, aliwakaripia makarani waliochelewa. Kiti alichokalia kilikuwa kimelemea upande wa kushoto kwa uzito wa mwanamume aliyemtangulia. Aliomba kiti kingine, akajibiwa kwamba viti vya aina ile huagizwa kwa ajili ya mameneja. Nafasi ya kuegesha gari iliyoandikwa MENEJA ilikaa tupu. Aliegesha hapo mara moja, siku ya mvua, na kesho yake ofisi ya kanda ikauliza kwa simu ni gari la nani.

Kila alipotia saini alitanguliza herufi tatu, k.n.y., ili ifahamike kwamba anasaini kwa niaba ya meneja. Mkono ulikuwa umezoea mno. Muhula uliopita binti yake alimletea ripoti ya shule, akaisaini haraka huku akipekua mkoba kutafuta funguo. Binti aliitazama ile karatasi, akauliza, "Mama, umesaini kwa niaba ya nani?"

Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kwenye kochi, alicheka hadi akashika mbavu. Alisema kumbe hata mtoto amezaliwa kwa niaba.

Kwa hiyo nafasi ya meneja wa tawi ilipotangazwa, hatimaye, hakulala usingizi wa kawaida kwa siku kadhaa. Aliandika maombi yake, akayasoma mara nyingi, akayatuma. Hakutaka mshahara tu, ingawa mshahara wa kukaimu ulikuwa ule ule wa Mkuu wa Kaunta, cheo chake cha zamani, pamoja na posho ya kununulia sabuni. Alitaka neno moja liondolewe mbele ya cheo chake.

Mtu mwingine aliyeomba alikuwa Tai. Huyu alikuwa afisa mikopo wa tawi lile lile, kijana nadhifu aliyevaa tai hata siku za Jumamosi. Kaimu ndiye aliyempokea alipotoka chuoni. Alimfundisha kusoma hesabu za mfanyabiashara na kugundua mahali zilipopambwa. Tai alimwita dada, na alimletea chai bila kuombwa. Tangu nafasi itangazwe, chai ilikoma.

Siku chache baadaye, Meneja wa Kanda alimpigia simu. Huyu waliokuwa chini yake walimwita Bwana Kanda, naye alilipenda jina hilo. Siku hiyo sauti yake ilikuwa laini isivyo kawaida. Alisema amepitia kumbukumbu na kukuta kwamba Kaimu hajaenda likizo ya lazima tangu aanze kukaimu. Alisema wakaguzi wanalalamika. Alimtaka aanze likizo Jumatatu, wiki mbili kamili.

Kaimu alimkumbusha kwamba aliiomba likizo hiyo mara mbili, na mara zote mbili alijibiwa kwamba hakuna wa kumkaimu anayekaimu.

"Sasa yupo," alisema Bwana Kanda. "Tai atakushikia. Pumzika, mama. Umetufanyia kazi kubwa sana."

Alikata simu kabla ya kushukuriwa. Kaimu aliiweka simu mezani. Kilemba cha ukoka alikuwa amevishwa mara nyingi katika benki ile, na alijua kinavyobana. Lakini hakuweza kupinga, kwa sababu kanuni yenyewe ilikuwa halali, na yeye alikuwa mtumishi wake mkubwa.

Likizo ya lazima si likizo kama nyingine. Kila mfanyakazi wa benki huondoka kazini wiki mbili mfululizo kwa mwaka. Akiwa likizo haruhusiwi kugusa kompyuta ya benki, haruhusiwi kupigiwa simu ya kikazi, na haruhusiwi kukanyaga jengo lolote la benki. Mwenzake hukaa kwenye kiti chake. Kama kuna kitu alichokuwa akikificha, mwenzake atakiona. Kaimu aliisimamia kanuni hiyo bila huruma. Mwaka uliopita karani mmoja wa kaunta alirudi katikati ya likizo kuchukua viatu alivyovisahau chini ya meza. Kaimu alimzuia mlangoni, akamwagiza mlinzi amletee viatu hivyo nje. Yule dada alivivaa barabarani, machozi yakimlengalenga.

Ijumaa jioni alimkabidhi Tai ufunguo wa chumba cha hazina mbele ya shahidi. Tai aliupokea kwa mikono miwili.

"Pumzika, dada," alisema. "Ukirudi utakuta mambo yako yako sawa."

"Mambo yangu au yako?"

Tai alicheka kidogo na kurekebisha tai yake.

*

Nyumbani, mama mkwe alimpokea Jumatatu asubuhi kwa kumtazama kuanzia kanga hadi kandambili. Aliuliza kama amefukuzwa. Alipoelezwa kwamba ni likizo, aliuliza ni likizo gani hiyo inayoitwa ya lazima, maana yeye alidhani mtu hulazimishwa kwenda jela. Kisha alimtajia kazi za nyumba zilizokuwa zikimsubiri tangu aolewe.

Mume alikuwa mpima ardhi na alikuwa kazini mbali na mji. Alipiga simu kila jioni. Alisema ukweli ni kwamba hakumbuki mara ya mwisho alipompigia mkewe na kumkuta anakula chakula cha moto. Kaimu alifurahi kusikia hivyo. Siku tatu nzima alifurahi. Alishona mapazia yaliyochanika. Alimsaidia binti yake hesabu za sehemu. Alianza kuamini kwamba pengine Bwana Kanda alikuwa na nia njema.

Ujumbe ulikuja wiki ya pili, Jumanne mchana, wakati anaanika nguo. Uliandikwa na Bi Utumishi, mwanamke aliyesimamia masuala ya wafanyakazi katika ofisi ya kanda. Ulisema usaili wa nafasi ya meneja wa tawi utafanyika Alhamisi, ofisi ya kanda, ghorofa ya pili. Ulisema kwamba kwa kuwa yeye yuko kwenye likizo ya lazima, na kwa kuwa kanuni inamkataza kuingia katika jengo la benki, maombi yake yatafikiriwa nafasi nyingine itakapotokea. Ulimalizia kwa kumtakia mapumziko mema.

Aliusoma akiwa ameshika shati la mumewe lililolowa. Maji yalimtiririkia kwenye kiwiko hadi ubavuni, naye hakusogea. Kisha alimpigia Bi Utumishi.

Bi Utumishi alisema kwanza kwamba hawapaswi kuzungumza, kwa sababu ya kanuni. Kaimu alimwomba basi amsikilize tu bila kujibu. Alimweleza kwamba tarehe ya likizo hakuipanga yeye, na kwamba aliyeipanga ndiye huyo huyo aliyepanga tarehe ya usaili. Aliomba usaili usogezwe kwa siku mbili za kazi tu.

"Mwanangu," alisema Bi Utumishi, ingawa walipishana miaka michache tu. "Mimi nilikaa karani miaka kumi na sita kabla hawajaniona. Nilisubiri. Wewe una haraka gani?"

"Nani alikwambia usubiri?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilijua tu." Sauti yake ikawa ngumu. "Na wanawake wenye haraka wanatuharibia sisi tuliosubiri. Siku njema."

Kaimu alilianika lile shati. Aliweka vibanio viwili kwenye kola, akatia na cha tatu ambacho hakikuhitajika. Halafu aliingia ndani, akatoa kijitabu cha kanuni za benki kwenye droo, akakisoma kipengele cha likizo ya lazima neno kwa neno. Alikijua kwa moyo. Alitaka tu kukiona.

*

Alhamisi alivaa suti ya kijivu na viatu vya kisigino kifupi, akafika mbele ya ofisi ya kanda kabla ya saa za kazi. Jengo lilikuwa la ghorofa nne, limezungushiwa ukuta, lina geti la chuma lenye rangi ya benki. Mlinzi wa getini alikuwa yule yule aliyewahi kulinda tawi lake. Alipomwona alisimama wima, kisha uso ukamshuka.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Najua huniruhusu kuingia."

"Wewe ndiye uliyenifundisha, bosi. Yule dada wa viatu."

"Namkumbuka. Nami siombi kuingia."

Mlinzi alishusha pumzi. Kaimu alirudi nyuma hatua chache hadi kwenye njia ya waenda kwa miguu, ambayo haikuwa mali ya benki bali ya halmashauri ya mji. Pembeni ya geti kulikuwa na fundi viatu, na mkabala naye kibanda cha kuuza vocha za simu. Alimwomba fundi kiti cha plastiki. Fundi alimpa, akamwuliza kama anasubiri mtu. Alijibu kwamba anasubiri watu watatu.

Bwana Kanda alifika kwa gari jeusi. Alimwona kupitia dirishani, na dirisha likapanda juu. Bi Utumishi alifika kwa miguu akiwa amebeba mafaili. Alipita kando yake akiangalia upande wa pili wa barabara, kwa umakini mkubwa, kana kwamba huko kunauzwa kitu. Tai alifika akiwa na suti mpya. Huyu alisimama, kwa sababu hakuweza kupita bila kusimama.

"Dada. Uko likizo lakini."

"Ndiyo maana niko barabarani."

"Unafanya nini hapa?"

"Nakaa. Nenda, utachelewa. Na wakikuuliza kuhusu mikopo ya wakulima wa mbogamboga, usiwaambie ilikuwa wazo lako. Mmoja wao anajua."

Huyo mmoja alifika mwisho kwa teksi. Alikuwa Mkaguzi kutoka makao makuu, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye alikuwa amelikagua tawi la Kaimu mara tatu na hakuwahi kutabasamu hata mara moja. Hakuwa rafiki wa mtu. Alichokipenda duniani kilikuwa kanuni. Katika usaili wa umeneja makao makuu lazima yawe na mjumbe, na mara hii mjumbe alikuwa yeye.

Kaimu alisimama, akamwamkia, akamweleza jambo lake kwa sentensi nne alizokuwa amezipanga usiku kucha. Mkaguzi alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Kanuni ni kanuni," alisema alipomaliza. "Huwezi kuingia."

"Sijaomba kuingia, mzee. Kanuni inanikataza mimi kuingia. Haijawakataza nyinyi kutoka."

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Aliingia getini.

Kaimu alikaa. Jua lilipanda. Fundi viatu alimaliza soli mbili na kuanza ya tatu. Mwenye kibanda alimwuliza fundi, kwa sauti ambayo hakujali kama itasikika, yule mama amekopa kiasi gani hadi amekuja kupiga kambi. Fundi alimjibu kwamba aliyekopa hakai nje ya benki, hujificha.

Tai alitoka kwanza, akapita haraka na koti mkononi. Kisha, baada ya muda mrefu, geti lilifunguliwa, na Mkaguzi akatoka akiwa amebeba kiti chake mwenyewe. Nyuma yake alitoka Bi Utumishi na mafaili, akiburuta kiti. Nyuma kabisa alitoka Bwana Kanda, mikono mitupu, uso umemkunjamana kama karatasi iliyofinyangwa. Mlinzi alimletea kiti. Alikataa kukaa, kisha, wenzake walipokaa, akakaa.

"Wajumbe waliopaswa kuwasikiliza waombaji waliopitishwa ni sisi," alisema Mkaguzi. "Huyu ni mwombaji aliyepitishwa. Tuanze."

Mtu wa kwanza kuuliza alikuwa Bi Utumishi. Aliuliza maswali ya kwenye karatasi, kuhusu malengo na uongozi, na Kaimu aliyajibu vizuri. Mkaguzi aliuliza kuhusu usalama wa hazina na mikopo chechefu, ile ambayo marejesho yake yamekwama. Aliyajibu hayo vizuri zaidi. Waenda kwa miguu walipunguza mwendo kuwatazama watu wanne waliovaa suti wakiwa wamekaa kwenye viti kando ya mtaro. Wengine walidhani ni mkutano wa dini.

Zamu ya Bwana Kanda ilipofika, alijinyoosha kwenye kiti.

Alisema tawi lile lina wateja wakubwa, na wateja wakubwa wanapenda kukutana jioni, kwenye hoteli, wakizungumza taratibu. Aliuliza kama mumewe anaridhia. Kaimu alijibu kwamba tangu aanze kukaimu amekutana na wateja hao wote mchana, ofisini, na amana za tawi zimeongezeka kila mwaka. Kisha aliuliza kama Tai naye ameulizwa iwapo mkewe anaridhia.

"Tai hajaoa."

"Basi atakapooa mtamwita tena?"

Fundi viatu alikohoa. Bwana Kanda alimkazia macho, kisha akamrudia Kaimu.

"Tuseme wazi. Meneja wa tawi lazima awe na uzoefu wa mikopo. Faili lako halioneshi umewahi kuwa afisa mikopo hata siku moja."

"Niliomba kuhamia mikopo mara tatu. Jibu lako mara zote lilikuwa kwamba kazi ya kwenda kukagua mashamba na maghala haimfai mwanamke. Mara ya tatu ulisema vumbi litaniharibia nywele."

"Hayo ya nywele siyakumbuki."

"Nayakumbuka mimi. Lakini tuyaache. Kwa zaidi ya miaka mitatu hakuna mkopo uliotoka katika tawi lile bila saini yangu. Afisa mikopo hupendekeza. Anayeidhinisha ni mimi. Huyo mnayemwona ana uzoefu, uzoefu wake wote umepita mezani kwangu."

Bwana Kanda alitabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Alimwomba Bi Utumishi moja ya mafaili, akalifungua, akaugeuza ukurasa kumwelekea Kaimu na kugonga sehemu ya chini kwa kidole.

"Soma hapo. Umesaini k.n.y. Kwa niaba ya meneja. Maana yake uamuzi ni wa meneja. Wewe umeshika kalamu tu."

"Meneja gani? Alihamishwa."

"Hilo si jibu. Kiutaratibu, huo uzoefu si wako."

"Ni wa nani?"

Lori lilipita, na vumbi likawafunika wote kwa usawa. Kaimu alimtazama Mkaguzi. Mkaguzi alikuwa akiitazama ile saini, na kwa muda alionekana kama mtu aliyekuta kosa katika kitabu anachokipenda.

"Kiutaratibu," alisema polepole, "yuko sahihi. Utaratibu haukutarajia mtu akaimu miaka yote hii." Alimgeukia Bwana Kanda. "Nitaliandika hilo kwenye taarifa yangu, pamoja na jina la aliyeruhusu hali hiyo."

"Andika," alisema Bwana Kanda.

Walisimama, wakabeba viti vyao. Bi Utumishi alikuwa wa mwisho. Aliinama kuokota kalamu iliyoanguka karibu na mguu wa kiti cha Kaimu, na akiwa ameinama alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye pia alisaini hivyo, miaka mingapi hata hakumbuki. Alisema hakuwahi kulalamika. Kisha aliinuka na kuwafuata wenzake.

*

Jioni hiyo Kaimu alimsimulia mumewe kwa simu. Mama mkwe alisikiliza yote kutoka jikoni bila kujifanya hasikilizi. Simu ilipokatwa alitokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Mimi sikupendi," alisema. "Hilo unalijua, na sijawahi kulificha. Lakini hata mimi, nikikuita kula, nakufungulia mlango."

Akarudi jikoni kugeuza chakula.

Jumatatu, alipomaliza likizo, Bwana Kanda alikuwa ofisini kwake akimsubiri, yaani katika kiti kile kilicholemea kushoto. Tai alikuwa amesimama dirishani. Bwana Kanda alimpongeza kwa kujieleza vizuri. Alisema ushindani ulikuwa mkali. Alisema benki imeamua kumpa Tai tawi hili, damu changa, lakini haijamsahau yeye. Tawi la karibu na stendi kuu lilikuwa na matatizo, meneja wake ameacha kazi, na hakuna mtu anayeweza kulinyoosha isipokuwa mtu mzoefu. Alimsukumia barua mezani. Ilisema ameteuliwa kuwa Kaimu Meneja wa tawi la stendi kwa miezi mitatu.

Kaimu aliisoma akiwa amesimama.

"Mzoefu," alisema. "Alhamisi sikuwa na uzoefu."

"Tusirudi huko, mama."

"Naomba barua ya uteuzi kamili. Kama hakuna, naomba kiti changu cha zamani. Mkuu wa Kaunta."

Bwana Kanda alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Alimweleza kwamba hakuna mtu anayekataa kukaimu. Alisema ni heshima. Alisema ni njia.

"Nimeipita njia hiyo. Inarudi pale pale."

"Ukikataa leo, sahau umeneja. Hutaupata."

"Hata sasa sijaupata."

Alimsogezea barua yake. Akavua kutoka kwenye mkufu wa funguo zake ufunguo mdogo wa droo ya meneja, akauweka juu ya ile barua. Alimwambia Tai kwamba droo ya pili hukwama na huhitaji kupigwa ngumi upande wa chini. Kisha alitoka, akafunga mlango wenye jina la mwanamume aliyehama, akaenda kukaa nyuma ya kaunta.

Makarani hawakujua pa kuweka macho. Yule dada wa viatu ndiye aliyekuwa jirani yake. Alimsogezea mhuri na sifongo ya kulowesha vidole, bila neno, wala kwa upendo wala kwa uadui, kama anavyofanyiwa mtu yeyote anayeanza zamu.

Siku ya tatu ya umeneja wake, saa za kufunga, Tai alitokea kwenye mlango wa ofisi akiwa na faili nene. Fundi wa mabango alikuwa amekwisha kubadilisha kibao cha jina mlangoni. Koti la Tai lilikuwa limevuliwa, tai imelegezwa.

"Kaimu," aliita.

Makarani waliendelea kufunga noti kwa raba. Kaimu alikuwa akilinganisha hesabu za karani wa mwisho, na hakuinua kichwa.

"Kaimu," aliita tena, kwa sauti kubwa zaidi.

Ilibidi Tai avuke ukumbi mzima hadi kaunta, akasimama upande wa wateja, faili mikononi, mdomo wazi. Alionekana akitafuta jina. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kulihitaji. Macho yake yalishuka kwenye kitambulisho shingoni mwake, lakini kilikuwa kimegeuka, kikionesha nembo ya benki.

"Dada," alisema mwishowe.

"Ndiyo, Meneja."

"Huu mkopo wa kiwanda cha maji. Niliupendekeza mwenyewe nilipokuwa afisa mikopo. Sasa unanisubiri mimi. Hebu uangalie, uniambie kama niuidhinishe."

"Mkuu wa Kaunta haidhinishi mikopo. Faili langu halina uzoefu huo."

"Dada, tafadhali. Usinitilie kitumbua mchanga. Wanataka jibu leo."

"Wape." Alifunga droo yake na kuigusa kuhakikisha imejifunga. "Andika jina lako, andika Meneja, tia saini. Na hakuna haja ya herufi tatu mbele. Uamuzi ni wako."

Alichukua mkoba. Nje bado kulikuwa na jua, na alitembea polepole kwa sababu hakuwa amezoea kuuona mtaa ule kwa mwanga wa saa hiyo.

Simu iliita akiwa mezani nyumbani, chakula kikifuka mvuke. Ilikuwa namba ya Bwana Kanda. Aliipokea, akaiweka kwenye kipaza sauti, akaendelea kula. Bwana Kanda alisema watu wawili wamekataa kwenda stendi na wa tatu ameanza kuumwa ghafla. Alisema wateja wa kule wanalalamika hadi makao makuu. Alisema taarifa ya Mkaguzi imefika, na imezua maswali yasiyo ya lazima. Alisema wanaweza kuzungumza.

"Zungumzeni," alisema. "Mkikubaliana, niandikieni barua. Nitaisoma saa za kazi."

Akakata. Mama mkwe alikuwa ameacha kutafuna.

"Anataka nini tena huyo?"

"Mtu wa kukaimu."

Mama mkwe alifikiri, akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Mwambie mimi sina kazi," alisema. "Ila mimi sikalii kiti kilicholemea, nataka kipya."